Nusu Mwaka Mbele ya Sinia

Siku niliyorudi Tanga kutoka Jamhuri Tukufu ya Shibe, mume wangu Mbaruku alinipikia pilau. Alijitahidi, masikini. Viungo alivitwanga mwenyewe, na nyama alikwenda kuichagua tangu bucha halijafunguliwa. Alipofunua sufuria harufu ikanipiga, nikatoka mbio mpaka uani na kutapika kwenye mpera. Majirani wakaanza kusema kwamba huko Ulaya nilikokwenda nimejifunza maringo. Kwanza, sikwenda Ulaya. Pili, maringo sina. Nina kinyaa, na kinyaa changu kina sababu.

Mimi ni bibi afya. Jina langu Mwanakheri, na mjini kwetu wenye mabucha wakiniona natokea kona ya barabara huanza kufuta meza. Nimekagua vyoo vya shule, majiko ya hoteli na machinjio, na kikombe nilichonywea hata Mbaruku hakigusi, si kwamba nimemkataza, ila ananijua. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyepelekwa Shibe kuwa mtaalamu wa kigeni. Nchi yao iliomba mtu wa kuchunguza matumbo kwa nusu mwaka, kwa kuwa wananchi walikuwa wakiharisha bila kukoma. Walioitaka kazi walikuwa wengi, mpaka waliposikia ni wapi. Nikabaki mimi ambaye nilikuwa sijasikia.

Nasimulia nilivyoona. Kama kuna mahali msomaji ataona pamefanana na mahali anapopajua, hayo ni macho yake, mimi simo.

*

Uwanja wa ndege nilipokewa na Mheshimiwa Sumbuko Tarazo, Waziri wa Ngazi na Mapokezi, mtu mnene mwenye suti ya kijivu iliyokuwa na doa la mafuta kifuani. Nilidhani doa lile ni bahati mbaya. Baadaye nikaambiwa ni cheo.

"Daktari Bingwa, umeshushiwa?" akaniuliza, akinipa mkono wenye utelezi.

"Mimi si daktari, Mheshimiwa. Ni bibi afya. Na nimeshushwa na ndege, asante."

Akacheka mpaka doa likatikisika, kisha akanieleza. Huko Shibe watu hawaulizani habari za asubuhi. Wanaulizana, "Umeshushiwa?" na jibu la adabu ni, "Nimeshushiwa, tunamshukuru Mtangulizi." Mtangulizi ndiye mkuu wa nchi. Anaitwa hivyo kwa sababu ndiye anayetangulia kutia mkono kwenye Sinia.

Na Sinia ndilo taifa lenyewe. Kila Ijumaa Ikulu hupikwa pilau na kupakuliwa kwenye sinia la shaba lenye upana wa kitanda cha maharusi. Mtangulizi hula kwanza. Akinyanyuka, hukaa mawaziri. Wakinyanyuka mawaziri, hukaa makatibu wakuu, kisha wakurugenzi, kisha manaibu wao, na kila kundi hula kilichobaki cha waliotangulia. Jumamosi makombo hupakiwa kwenye lori lenye ving'ora na kupelekwa wilayani, ambako huongezwa maji na kukorogwa ili yatoshe, yakawa mapipa. Jumatatu mapipa hufika mitaani, yakiwa yamechacha na kutoa mapovu, na wananchi hujipanga wamevaa nguo za sikukuu, bakuli mkononi.

Kwetu pia tunakula sinia moja, nikamwambia Waziri, lakini tunanawa, tunakaa pamoja na tunaanza pamoja.

Alinitazama kwa huruma kubwa. "Pamoja?" akasema. "Sasa mtajuaje nani ni nani?"

Sheria ya Sinia ilikuwa imetundikwa kila ukuta, kwenye benki, msikitini, kanisani na chooni. Ilikuwa na vifungu viwili tu. Cha kwanza kilisema kila mtu atakula baada ya mkubwa wake. Cha pili kilisema Sinia halimwagwi wala halirudi na chakula. Asichokimaliza mdogo atakimaliza mkubwa wake. Nikamuuliza Waziri kama kifungu cha pili kimewahi kutumika.

"Hata mara moja," akasema. "Hakuna mdogo aliyewahi kubakisha. Hicho tulikiweka kwa ajili ya urembo. Katiba haipendezi ikiwa na kifungu kimoja."

*

Kwa kuwa mgeni huheshimiwa, nilipangiwa kula baada ya mawaziri na kabla ya makatibu wakuu. Ijumaa yangu ya kwanza nilikaa kwenye mkeka wa Ikulu nikaona mambo ambayo ningeyaona mjini kwetu ningefunga mtaa mzima.

Mawaziri walikuwa wakila kwa mkono mpaka kwenye kiwiko. Walilamba vidole kimoja kimoja, kwa sauti, kisha wakavirudisha. Waziri wa Elimu alikuwa na mafua. Waziri wa Uchukuzi alitafuna mnofu, akauona mgumu, akautoa na kuurudisha Siniani kwa uangalifu, akisema, "Huu mwachieni Katibu wangu, ana meno mazuri." Sumbuko Tarazo mwenyewe alikuwa na tabia ya kula na kuhutubia kwa wakati mmoja, kwa hiyo hotuba zake zilikuwa zikiwafikia watu kwa njia zote mbili. Walipoinuka, wali ulikuwa na alama za vidole, unywele mweusi wa rangi ya dukani, na pete ya mtu.

"Karibu, Daktari Bingwa," wakasema. "Tumekuachia mahali pazuri."

Kukataa ni kulitukana taifa, nilikuwa nimekwisha kuonywa. Nikamega tonge, nikalipeleka mdomoni, na mdomoni halikufika. Nilikuwa nimevaa baibui la mikono mipana. Tonge likateleza ndani ya mkono wa baibui, nami nikafunga mdomo na kutafuna hewa. Nikatafuna kwa muda mrefu, macho nimeyafumba. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Katibu Mkuu mmoja alifuta machozi akasema hajawahi kumwona mgeni anayetafuna kwa unyenyekevu kiasi kile.

Usiku huohuo nilishona kifuko cha nailoni ndani ya mkono wa baibui. Nusu mwaka mzima niliishi kwa mayai ya kuchemsha, ndizi, biskuti na uji wa ulezi nilioupika mwenyewe mlango umefungwa, na kila Ijumaa nilikula hewa mbele ya Baraza la Mawaziri.

*

Nyumba niliyopewa ilikuwa ya hadhi. Ilikuwa na kiyoyozi kisicho na umeme na bomba lisilo na maji, na sebuleni, ndani ya kabati la vioo, ulikuwepo mfupa mweupe juu ya kitambaa cha hariri. Mfupa ule uliwahi kufyonzwa na mkurugenzi. Karibu kila nyumba ya Shibe ina mfupa wa namna hiyo, na mgeni akija huletewa aushike. Nilishikishwa mifupa mingi sana. Mwingine bado ulikuwa unanata.

Ijumaa jioni nikirudi kutoka Ikulu majirani walinisubiri kwenye ngazi. Hawakuja kwa mazungumzo. Walikuja kunusa vidole vyangu, kwa kuwa mkono wangu ulikuwa umegusa mahali palipo karibu sana na mkono wa Mtangulizi. Walipanga foleni, wazee mbele. Walivuta pumzi, wakafumba macho, wakasema, "Aaah, iliki," wakaenda zao. Hakukuwa na iliki. Lakini mtu akitaka kunusa kitu hunusa.

Alikuwepo mmoja ambaye hakufumba macho. Ni mwanamke aliyeishi nyumba ya pili, jina lake Kudura, mwembamba, mgongoni amebeba mtoto. Alinusa, akaniangalia usoni, akangoja wenzake waondoke.

"Mama Dokta," akasema taratibu, "vidole vyako vinanuka sabuni."

Nikaurudisha mkono ndani ya baibui. "Nilinawa, mwanangu."

"Watu hawanawi mkono uliotoka Siniani. Wewe huli." Kisha akauliza, "Una dawa ya kuzuia jino?"

"Jino linakuuma?"

"Si langu. La mtoto. Wala haliumi, bado halijaota. Nataka lisiote."

Nikamkaribisha ndani, akaniambia jambo ambalo katika hotuba zote za mapokezi hakuna aliyelitaja. Mtoto wa Shibe si mtu mpaka alambishwe. Jino la kwanza likishatoka, mama humpeleka kwenye Siku ya Kulambishwa, na hapo chakula chake cha kwanza, baada ya maziwa ya mama, ni kidole kilichochovywa kwenye Sinia. Akilamba amekuwa raia. Asiyelambishwa hatibiwi hospitali, hapokewi shule, na akifa hazikwi makaburi ya mji.

"Wa kwanza alikuwa Heri," Kudura akasema. "Alilamba vizuri, watu wakapiga vigelegele. Siku ya tatu nikamzika makaburi ya mji." Akamshusha mtoto mgongoni, akamlaza kwenye mapaja na kumfungua mdomo kwa kidole. Alikuwa msichana, anaitwa Saumu, ana fizi nyekundu zilizovimba. "Gusa hapa. Unaliona?"

Niligusa fizi. Jino lilikuwepo chini kabisa, dogo, gumu. Nimewaona akina mama wakilia meno ya watoto yakichelewa. Kudura alikuwa analia kwa kuwa halikuchelewa.

*

Basi nikafanya kazi niliyoitiwa. Nilichunguza, na uchunguzi wenyewe haukuhitaji darubini, ulihitaji pua. Nikaenda ofisini kwa Sumbuko Tarazo nikamwambia chanzo cha maradhi kimepatikana.

"Maradhi gani?" akauliza.

"Kuharisha, Mheshimiwa."

"Aa, unasema shukrani." Hilo ndilo jina rasmi. Shibe hakuna anayeharisha. Mtu huwa na shukrani. Asipofika kazini, mwenzake husema ana shukrani tangu jana. "Shukrani si maradhi, Daktari Bingwa. Ni tumbo la mwananchi linavyoitikia. Wataalamu wenzako walilielewa. Aliyekutangulia aligundua kwamba inaletwa na upepo wa kusini, tukamvisha nishani. Aliyekuwepo kabla yake aligundua kwamba wananchi wanakunywa maji wamesimama, tukaita barabara kwa jina lake."

"Mimi nimegundua kwamba ni Sinia."

Feni ilizunguka mara chache, ikakatika. Waziri akafunga mlango mwenyewe.

"Sikia," akasema kwa upole wa kutisha. "Serikali haiwezi kuingilia tumbo la mtu. Tumbo la mwananchi ni mali ya mwananchi. Sisi wajibu wetu unaishia kinywani. Kikishamezwa, hicho ni kitu cha ndani ya familia."

"Watoto wanakufa, Mheshimiwa."

"Wanakufa wakiwa raia," akasema, na nilipomtazama nikaona kwamba hakuwa anatania. Alikuwa na huzuni ya kweli machoni, na tumboni mwake kitu kikaguruma, akajishika, akatoka mbio. Mawaziri wote walikuwa na shukrani. Wakurugenzi nao. Mtu mmoja tu serikalini hakuwahi kushikwa hata siku moja, naye ni Mtangulizi, na nchi nzima iliamini ni kwa sababu ya baraka zake.

Waziri aliporudi alikuwa amechoka lakini mchangamfu. "Gundua chochote unachotaka. Uwanja ni mpana. Kuna mbu, kuna vumbi, kuna nchi jirani. Sinia uliache."

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ya kutaka kupiga mtu. Sikumpiga mtu. Niliandika kwamba nashuku vumbi, nikapewa cheti, nikakitumia kufunikia sufuria ya uji.

*

Jino la Saumu lilitoka wiki chache kabla ya mkataba wangu kwisha. Siku ya Kulambishwa iliyokuwa inakuja iliangukia Ijumaa yangu ya mwisho. Kudura alikuja asubuhi, hakusalimu, akanionyesha tu: kipande cheupe kwenye ufizi wa chini, na mtoto anacheka.

Siku hiyohiyo Sumbuko Tarazo aliniita kuniuliza nataka zawadi gani ya kuniaga. Kwa kawaida mgeni hupewa mfupa, akasema, lakini kwangu mimi walikuwa tayari kunipa mfupa wa waziri.

Ndipo nilipopata wazo. "Mheshimiwa," nikasema, nikiinamisha kichwa, "mfupa ni mkubwa mno kwangu. Naomba niwalambishe watoto kwa mkono wangu, pale Ikulu, mbele ya Mtangulizi."

Alilia. Kweli alilia, akanishika mabega akaniacha na doa. "Hajatokea mgeni aliyetupenda hivi," akasema.

Jioni nilimweleza Kudura. Kwa nusu mwaka nilikuwa nimepitisha tonge chafu kuliingiza mkononi mwa baibui. Sasa nitapitisha safi kulitoa. Nitatia uji kwenye kifuko cha mkono wa kulia, nitainamia Sinia kama ninayechovya, na kidole kitakachofika mdomoni mwa Saumu kitakuwa na ulezi na sukari kidogo.

Kudura alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na wengine?"

"Kifuko ni kimoja, mwanangu."

"Wapo wengi. Mke wa Koplo Nyundo ana pacha."

"Najua wapo wengi. Wewe simama mbele," nikamwambia, kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Hakuuliza tena, wala mimi sikutaka aulize.

*

Ijumaa ile uwanja wa Ikulu ulijaa akina mama na watoto waliopakwa wanja. Nilikalishwa jukwaani, kwenye mkeka mmoja na Mtangulizi, mahali ambapo hajawahi kukaa mgeni. Nilikuwa sijawahi kumwona kwa karibu. Ni kizee kidogo, kisafi, kucha zimekatwa vizuri, macho meupe, ngozi ya mtu anayelala vyema. Kama angekuwa na bucha ningempa leseni bila kuingia ndani.

Mtangulizi haonekani anapokula. Ni desturi. Msaidizi hushika kitambaa kikubwa cha darizi mbele ya uso wake, na watu huona mkono tu ukishuka Siniani na kupanda. Lakini safari hii mimi nilikuwa upande wa ndani wa kitambaa. Mkono ulishuka, ukamega, ukapanda, ukatikisika kidogo, na tonge likarudi Siniani lilikotoka. Kwenye mapaja yake kulikuwa na kibakuli cha wali mweupe na kuku wa kuchemsha, na kijiko. Alikuwa akila kwa kijiko.

Niligeuza macho upesi. Mawaziri wakala, wakapiga miayo na kucheua, wakanipisha. Tarumbeta zikapigwa, na Kudura akapanda jukwaani, Saumu mikononi. Niliinama. Kidole kilipita juu ya Sinia, kikaingia mkononi mwa baibui, kikatoka na uji. Saumu alilamba, akalamba tena, akakishika kidole changu kwa mikono miwili asitake kukiachia. Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Sumbuko Tarazo akatangaza kwamba taifa limepata raia mwenye hamu.

Nilitaka kulia kwa furaha. Ndipo nikasikia sauti nyembamba sikioni, na pumzi yenye harufu ya mdalasini.

"Umefanya vizuri," Mtangulizi akasema, bila kusogeza midomo. "Wewe unatumia mkono wa baibui. Mimi natumia kitambaa. Nilikuona tangu Ijumaa ya kwanza, nikasema moyoni, huyu ni mwenzangu. Ana akili ya kiongozi."

Akanipapasa mgongoni kwa ule mkono wake safi.

Nimeona machinjio mwezi wa joto. Nimefungua matangi ya vyoo ambayo wenyewe waliyakimbia. Lakini sijapata kusikia kinyaa kama nilichokisikia pale, na hakikutoka Siniani, kilitoka kwenye neno "mwenzangu". Mbele yangu mke wa Koplo Nyundo alikuwa amepanda na pacha wake, vinywa wazi kama makinda. Kifuko kilikuwa kitupu. Nikaangalia vile vinywa, nikaangalia pilau, nikasikia ule mkono bado uko mgongoni, na tumbo langu, ambalo lilikuwa limevumilia nusu mwaka, likakataa. Nilitapika. Nilitapika mayai, ndizi na uji, vyote, katikati ya Sinia la Taifa.

Walio mbele wakasimama ili waone.

Na mimi, nikijifuta mdomo, nilifurahi. Nilisema, basi, imekwisha. Hakuna binadamu atakayekula tena humo. Nimeiokoa nchi kwa tumbo langu mwenyewe.

Mawaziri walikuwa wananong'ona. Niliwasikia wakiulizana, "Mgeni ni wa ngazi gani?" na mwingine akijibu, "Ya juu ya makatibu wakuu." Sumbuko Tarazo akasimama, akakohoa, akainua mikono.

"Ndugu wananchi!" akasema. "Kwa mujibu wa kifungu cha kwanza, kilichotoka kwa mkubwa hushuka kwa mdogo. Mgeni wetu hakula tu. Mgeni wetu ametuongezea!"

Wakapiga makofi. Makatibu wakuu wakasogea, wakakunja mikono ya mashati, wakala. Naapa walikula. Mmoja alisema kuna ladha ya ndizi.

*

Mimi nilikuwa nimeinuliwa pembeni, nimeshikwa kwapani na maofisa wawili. Mlambishaji wa siku zote akachukua nafasi yangu, akachovya kidole, akakipeleka kwa pacha wa kwanza.

Kudura alikuwa amekwisha kushuka jukwaani. Mtoto wake alikuwa raia. Alichotakiwa kufanya ni kwenda nyumbani. Nilimwona amesimama mwisho wa ngazi, anatazama juu, na nikasema moyoni, nenda, mwanangu, nenda. Akapanda tena. Akaweka kiganja chake juu ya mdomo wa yule pacha.

"Usimpe," akamwambia mama yake. "Wangu hakula hiki."

"Amekula, tumemwona," mke wa Koplo akasema.

"Kala uji. Mgeni kauficha kwenye mkono wa baibui. Nusa mdomo wake."

Mke wa Koplo akainama, akaunusa mdomo wa Saumu. Watu wa Shibe wana pua zilizozoea kunusa. Alinusa kwa muda, akafumba macho, na safari hii akafumbua.

"Ulezi," akasema. "Una sukari."

Kisha akaangalia Sinia, nadhani kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Akawafunika pacha wake midomo, mmoja kwa kila mkono.

"Mkamateni huyo!" Sumbuko Tarazo akapiga kelele, na Koplo Nyundo, aliyekuwa analinda ngazi, akasogea hatua mbili. Akamwona mkewe. Akawaona wanawe. Akasimama hapohapo akawa anatengeneza mkanda wake, na mkanda ulikuwa na matatizo mengi sana, maana alikuwa bado anautengeneza nilipotazama kwa mara ya mwisho. Huku nyuma, kwenye foleni, viganja vilikuwa vinapanda juu ya midomo ya watoto, mama baada ya mama.

Mimi nilitiwa kwenye gari na kupelekwa uwanja wa ndege na baibui langu linalonuka. Hakuna aliyeninusa vidole.

*

Ndipo Mbaruku aliponipikia pilau, nikaukimbilia mpera.

Kudura alinitumia sauti kwa simu, mara kwa mara, mtandao ukimpa nafasi. Saumu ana meno mengi na anauma. Si raia tena, alifutwa siku ileile, lakini watoto wasio raia wamekuwa wengi kiasi kwamba shule ikikataa kuwapokea haitakuwa na wa kumfundisha, na daktari akikataa kuwatibu atakaa kutwa anafukuza nzi. Mapipa yalifika mitaani Jumatatu kama kawaida. Watu walivaa nguo zao za sikukuu, wakapanga foleni, wakayatazama, wakarudi nyumbani kupika.

Kisha ikaja habari niliyoisikiliza nimesimama. Mapipa hayakuweza kumwagwa, sheria hairuhusu. Sheria iko ukutani, hata chooni, na wakubwa wa Shibe wanaiheshimu sheria. Asichokimaliza mdogo atakimaliza mkubwa wake. Kwa hiyo lori liligeuzwa, likapiga ving'ora kurudi lilikotoka, na wilaya wakalipokea, wakashindwa, wakalipandisha kwa manaibu wakurugenzi. Manaibu wakalipandisha. Lilikuwa limeondoka Ikulu sinia moja, likarudi mapipa, nalo kila siku ya njiani lilikuwa linazidi kuwa na maoni yake. Makatibu wakuu walilazwa wote. Mheshimiwa Sumbuko Tarazo alipambana na pipa la kwanza kwa uzalendo mkubwa, kisha akapata shukrani ambayo bado anayo.

Juu yake amebaki mtu mmoja.

Redio ya taifa ilitangaza kwamba Mtangulizi amesafiri kwenda nje kutibiwa meno. Haikusema anarudi lini. Lakini sheria ni sheria, na Baraza la Mawaziri, wale walioweza kukaa, lilipitisha kwa kauli moja kwamba mapipa yamfuate. Yalipakiwa kwenye ndege kwa heshima zote, yakafungwa mikanda kwenye viti vya mbele, bila kitambaa cha darizi. Kudura alikwenda uwanjani kuangalia, na mji mzima ulikwenda. Alisema harufu ilibaki mpaka jioni na hakuna aliyetaka kuondoka.

Nikaizima simu, nikamwita Mbaruku nikamwambia apike pilau. Alinitazama kwa wasiwasi, akautupia jicho mpera wa uani, lakini akapika. Nilinawa mikono mara mbili. Nilikula sahani iliyojaa, nikaongeza, nikakwangua ukoko, nikalamba kijiko, na sikumbakishia mtu.